Ureno: Jerónimos, monasteri ya wafalme iliyojengwa kwa mali ya Afrika na India

Pembezoni mwa mto Tejo, katika mtaa wa Belém, magharibi mwa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kuna jengo la mawe lenye urefu wa zaidi ya mita 300. Asubuhi mawe yake ni meupe. Jioni, jua linapoelekea baharini, yanageuka rangi ya asali. Watu wanalijua kwa jina la Monasteri ya Jerónimos, yaani nyumba ya watawa wa Mtakatifu Yeronimo.

Kila siku watalii wanapanga mstari mrefu mbele ya mlango wake. Wanapiga picha, wanaingia, wanatoka, kisha wanaenda kununua keki ndogo za mayai zinazouzwa hapo karibu. Wachache ndio wanaouliza swali moja rahisi: nani alilipa kazi hii yote? Jibu lipo, na halikufichwa. Liko katika maagizo ya mfalme aliyeijenga, na mara moja liliandikwa juu ya dhahabu yenyewe. Na jibu hilo linapitia Afrika.

Kanisa dogo la mabaharia

Zamani mahali hapa paliitwa Restelo. Ulikuwa ufuko ambapo meli zilisubiri upepo mzuri kabla ya kuingia katika bahari ya Atlantiki. Katika karne ya 15, Henrique, mwana wa mfalme wa Ureno, yule aliyetuma meli nyingi kuchunguza pwani ya Afrika ya magharibi, alijenga hapo kanisa dogo kwa heshima ya Bikira Maria wa Bethlehemu. Neno Belém ni Bethlehemu kwa lugha ya Kireno. Mabaharia waliingia humo kuungama na kusali, kwani kila mmoja alijua kwamba huenda asirudi.

Usiku wa kuamkia tarehe 8 Julai 1497, Vasco da Gama na watu wake walikesha hapo katika sala. Kulipokucha wakaondoka na meli nne. Walizunguka ncha ya kusini ya Afrika, wakapita Msumbiji na Mombasa, na mwezi wa Aprili 1498 wakafika Malindi, katika Kenya ya leo. Huko mtawala wa mji aliwapa rubani aliyezijua pepo za bahari ya Hindi, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut, India. Njia ambayo Ulaya iliita ugunduzi ilikuwa tayari njia ya kila mwaka kwa mabaharia wa pwani ile. Kati ya watu wapatao 170 walioondoka Lisbon, zaidi ya nusu hawakurudi nyumbani.

Mfalme wa Ureno wakati huo alikuwa Manuel I, aliyetawala tangu 1495 hadi 1521. Mwaka wa 1496, hata kabla ya safari ile, alikuwa amekwisha kumwomba Papa ruhusa ya kujenga monasteri mahali pa kanisa dogo la Henrique. Lakini meli ziliporudi mwaka wa 1499 zikiwa na viungo kutoka India, mradi wa nyumba ya sala ukawa mradi wa fahari ya ufalme mzima. Kazi ilianza mwanzoni mwa karne ya 16, na ilidumu karibu miaka mia moja.

Mfalme aliwakabidhi nyumba hiyo watawa wa Mtakatifu Yeronimo, shirika lililokuwa karibu sana na wafalme wa Ureno na wa Uhispania. Kazi waliyopewa ilikuwa mbili: kuiombea kila siku roho ya mfalme na ya jamaa yake, na kuwahudumia mabaharia waliokuwa wakiondoka na kurudi.

Moja kwa ishirini

Ujenzi wa namna hii haukuweza kulipwa na shamba ao mifugo ya watawa. Mfalme alitenga kwa ajili yake sehemu moja kwa ishirini, yaani asilimia 5, ya mapato ya biashara iliyokuwa ikitoka Afrika na India. Ushuru huo Wareno waliuita "vintena da pimenta", sehemu ya ishirini ya pilipili, ingawa pilipili manga yenyewe, mdalasini na karafuu havikuhesabiwa humo. Faida ya bidhaa hizo tatu ilienda moja kwa moja kwa mfalme.

Wanahistoria wa jengo hilo wanakadiria kwamba sehemu hiyo ililingana na kilo 70 hivi za dhahabu kwa mwaka. Mwenye kufahamu kazi ya uchimbaji anajua uzito wa hesabu hiyo. Ni mali iliyotoka mahali pengi: dhahabu ya ngome ya Mina katika Ghana ya leo, dhahabu ya Sofala katika Msumbiji, pembe za tembo, viungo na vitambaa vya ng'ambo ya bahari. Yote yalipita katika maghala ya mfalme huko Lisbon, na sehemu yake ikageuka mshahara wa mafundi wa mawe.

Ndiyo sababu mafundi hawakubana. Jiwe lenyewe lilikuwa la kienyeji: ni jiwe la chokaa linaloitwa lioz, ambalo lilichimbwa si mbali na mji. Ni gumu, lakini linakubali kuchongwa hata vitu vidogo sana, na linapopigwa jua linang'aa. Kilichogharimu ni mikono na miaka.

Kamba na nanga ndani ya jiwe

Fundi mkuu wa kwanza aliitwa Diogo de Boitaca. Ndiye aliyechora mpango wa jengo na kuanza kanisa na baraza za watawa. Mwaka wa 1517 nafasi yake ilichukuliwa na João de Castilho, fundi aliyetoka Castilla, katika Uhispania ya leo. Baadaye wakaja Diogo de Torralva na Jerónimo de Ruão. Kila mmoja alikuwa na mkono wake, na anayetembea polepole ndani ya jengo anaweza kuona mahali ambapo mmoja aliacha na mwingine akaendelea.

Mikono ya kwanza ni ya mtindo ambao tangu karne ya 19 unaitwa Kimanuel, kwa jina la mfalme. Umbo lake ni la makanisa ya zamani ya Ulaya, yenye nguzo ndefu na dari lililofumwa kwa mbavu za mawe. Lakini juu ya umbo hilo mafundi walitandaza vitu vya baharini: kamba za meli zilizosokotwa na kufungwa mafundo, matumbawe, majani ya inchi za mbali, wanyama wa ajabu. Alama mbili zinarudi kila mahali. Moja ni msalaba wa Shirika la Kristo, ambao ulichorwa juu ya matanga ya meli za Ureno. Nyingine ni tufe la pete, chombo kinachoonyesha mzunguko wa nyota, ambalo Manuel alilifanya kuwa alama yake mwenyewe. Alitaka kila mtu aelewe kwamba dunia nzima ilikuwa katika mkono wake.

Mlango wa kusini, unaotazama mto, ndio unaosimamisha watu. Una kimo cha mita 32 na upana wa mita 12, na umejaa sanamu za mitume, manabii na watakatifu. Katikati anasimama Bikira Maria wa Belém. Juu kabisa yuko Malaika Mkuu Mikaeli. Na kwenye nguzo inayogawanya milango miwili yuko Henrique, mwenye upanga, kana kwamba bado anazituma meli.

Mlango wa magharibi ni mdogo zaidi, lakini kwa historia ya sanaa una uzito mkubwa. Ulichongwa mwaka wa 1517 na Nicolau Chanterene, fundi aliyetoka Ufaransa. Yeye alileta mtindo mpya uliokuwa umezaliwa Italia, ule wa Renaissance, uliorudi kutazama mwili na uso wa mtu kama vile Warumi wa kale walivyofanya. Mfalme Manuel na malkia Maria wamepiga magoti pande mbili za mlango, mmoja akisindikizwa na Mtakatifu Yeronimo, mwingine na Yohane Mbatizaji. Nyuso zao si nyuso za watakatifu wa kawaida. Ni nyuso za watu walioishi, na anayewatazama anaona kwamba fundi alijaribu kuwafananisha.

Dari lisilo na nguzo

Ndani ya kanisa, mgeni anatazama juu kabla ya kutazama mbele. Sehemu tatu za kanisa zina kimo kimoja, na nguzo zinazozigawa ni nyembamba kiasi kwamba zinafanana na mitende: zinapanda wima, kisha zinafunguka juu kama majani na kulibeba dari.

Kazi ya kuthubutu zaidi iko pale ambapo kanisa linakatwa kwa upana, mbele ya altare. Hapo João de Castilho alifunika nafasi ya mita 29 kwa 19 kwa dari moja la mawe, bila nguzo hata moja ya kulishikilia katikati. Uzito wote unapita katika mbavu za mawe na kushuka kwenye kuta za pembeni. Dari la kanisa lilikamilika mnamo mwaka wa 1522, mwaka mmoja baada ya kifo cha Manuel.

Kando ya kanisa kuna ua wa watawa. Ni mraba wa mita 55 kila upande, umezungukwa na baraza za ghorofa mbili. Ghorofa ya chini ilianzishwa na Boitaca. Ya juu ni ya Castilho. Matao yamejazwa nguzo ndogo zilizochongwa kama kamba na mizabibu, na hakuna mbili zinazofanana kabisa. Hapo ndipo watawa walitembea kimya, wakisoma ao wakisali, mbali na kelele za bandari.

Kati ya ua huo na kanisa, ndani ya ukuta mnene, kulichimbwa vyumba 12 vya kitubio. Padri aliingia kutoka upande wa watawa, baharia akaingia kutoka upande wa kanisa, na dirisha dogo la chuma liliwatenga. Vyumba hivyo havina pambo kubwa. Lakini ndivyo vinavyokumbusha zaidi nyumba hii ilivyokuwa: watu waliokuwa wakienda Kilwa, Goa ao mdomo wa mto Kongo walisimama hapo kusema dhambi zao, kabla ya safari ao baada ya yale waliyoyafanya huko.

Dhahabu yenye jina la Kilwa

Mwaka wa 1502 Vasco da Gama aliondoka tena, safari hii na meli 20 hivi zenye mizinga. Mwezi wa Julai alifika Kilwa. Si Kilwa ya Haut-Katanga, kando ya ziwa Moero, bali Kilwa Kisiwani, katika pwani ya kusini ya Tanzania ya leo. Mji huo ulikuwa umetajirika kwa biashara ya dhahabu iliyoteremka kutoka nyanda za Zimbabwe hadi Sofala. Ulikuwa na msikiti mkubwa wa mawe, nyumba za ghorofa na sarafu zake wenyewe.

Da Gama alimtisha mtawala wa mji, Amiri Ibrahim, kwamba angeuteketeza mji asipokubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa ushuru kila mwaka. Amiri alikubali. Malipo ya kwanza yalikuwa mithkali 1,500 za dhahabu, zaidi ya kilo 6. Haikuwanusuru wakaaji wa Kilwa kwa muda mrefu: mwaka wa 1505 meli za Francisco de Almeida zilirudi, askari wakaushambulia mji na kuupora, kisha wakajenga ngome.

Mfalme Manuel hakuigeuza dhahabu ile kuwa sarafu. Aliagiza ifanywe monstransi, chombo ambamo Ekaristi Takatifu huwekwa ili waamini waiabudu. Kilikamilika mwaka wa 1506, na wosia wa mfalme mwenyewe unamtaja Gil Vicente kuwa ndiye fundi wake. Kina kimo cha sentimita 73. Mitume 12 wadogo, waliopakwa rangi, wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia; chini yao, kwenye shina, kuna yale matufe ya pete, alama ya mfalme. Katika wosia huo wa mwaka wa 1517, Manuel alikiacha chombo hicho kuwa mali ya monasteri ya Belém.

Juu ya msingi wake kumeandikwa maneno yanayosema kwamba mfalme Manuel ndiye aliyeagiza kifanywe, kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa. Kwake yalikuwa maneno ya sifa: dhahabu ya Waislamu wa mbali imeletwa mbele ya altare. Leo maneno hayohayo yanasomwa kwa namna nyingine. Katika machimbo ya Ituri ao ya Kivu ya Kusini, dhahabu inatoka kila siku na kupoteza jina la mahali ilipotoka mara tu inapovuka mpaka. Ile ya Kilwa, baada ya miaka zaidi ya 500, bado ina jina lake.

Barua kutoka Mbanza Kongo

Kongo nayo haikuwa mbali na nyumba hii. Mnamo mwaka wa 1482 Diogo Cão alikuwa amefika kwenye mdomo wa mto Kongo, na maandishi ya watu wake yako hadi leo kwenye miamba ya Yelala, karibu na Matadi. Mwaka wa 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa. Mwanawe, Mvemba a Nzinga, anayejulikana kwa jina la Afonso I, alijifunza kusoma na kuandika Kireno, akawa na mazoea ya kuwaandikia wafalme wa Lisbon.

Alimwita Manuel ndugu, na mwanzoni mambo yalionekana hivyo. Afonso aliomba mapadri, walimu na mafundi wa ujenzi. Mwanawe Henrique alitumwa kusoma Ureno, na mwaka wa 1518 aliteuliwa kuwa askofu, wa kwanza kutoka Afrika ya kusini mwa Sahara. Lakini maagizo ambayo Manuel aliwapa wajumbe wake mwaka wa 1512 yalikuwa na upande mwingine: meli zisirudi tupu, bali zilete watumwa, shaba na pembe za tembo.

Manuel alipokufa, mwanawe João III alirithi ufalme na pia ujenzi wa Jerónimos. Ni yeye aliyeandikiwa barua ya mwezi wa Julai 1526, ambamo Afonso alilalamika kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiwakamata watu wake kila siku, hata watoto wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe, na kwamba inchi ilikuwa ikibaki bila watu. Aliomba apelekewe mapadri na walimu, pamoja na divai na unga wa misa, na si wafanyabiashara. Biashara haikukoma. Wakati barua hiyo inavuka bahari, mafundi wa Belém walikuwa wakiendelea kuchonga baraza za watawa.

Wafalme juu ya tembo

Manuel alitaka kanisa hili liwe kaburi la jamaa yake, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini mahali pa altare kuu, palivyojengwa mara ya kwanza, palionekana kuwa padogo kwa heshima hiyo. Malkia Catarina, mjane wa João III, aliagiza pajengwe upya, na Jerónimo de Ruão aliikamilisha kazi hiyo mwaka wa 1572.

Anayetoka katika msitu wa nguzo za Kimanuel na kufika hapo anaona kana kwamba ameingia katika inchi nyingine. Hakuna kamba, hakuna matumbawe. Kuna mistari iliyonyooka, nguzo za mtindo wa Kirumi, na marumaru za rangi mbalimbali zilizopangwa kwa kipimo. Ni Renaissance ya mwisho, baridi na yenye mamlaka.

Upande mmoja wamelala Manuel na Maria. Upande mwingine João III na Catarina. Majeneza yao ya mawe yamebebwa juu ya migongo ya tembo wa marumaru. Tembo hao ni kumbukumbu ya ufalme uliofika India na Afrika, na ya wanyama halisi ambao Manuel alipenda kuwaonyesha mjini Lisbon. Mfalme aliyeandikiwa barua na Afonso wa Kongo amelala hapo, juu ya mnyama ambaye pembe zake zilikuwa sehemu ya biashara.

Pembeni kuna kaburi lingine, la mfalme Sebastião, mjukuu wa João III. Alipotea vitani Moroko mwaka wa 1578, akiwa na miaka 24, bila mtoto. Maandishi ya kaburi yenyewe yanaweka sharti: huyu amelala hapa, ikiwa yanayosemwa ni ya kweli. Miaka miwili baadaye Ureno ilimezwa na mfalme wa Uhispania, Felipe II, mjukuu wa Manuel kwa upande wa mama. Utajiri wote ule wa bahari haukuulinda ufalme hata kwa karne moja.

Tetemeko, mayatima na maonyesho

Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliangusha sehemu kubwa ya Lisbon, kisha bahari na moto vikamaliza yaliyobaki. Monasteri ya Belém ilipata hasara, lakini haikuanguka. Dari lile lisilo na nguzo lilishika.

Pigo kubwa zaidi lilitoka kwa watu. Mwaka wa 1833 na 1834 serikali ya Ureno iliyavunja mashirika ya watawa wanaume na kuchukua mali zao. Watawa wa Yeronimo wakaondoka baada ya zaidi ya miaka 300. Nyumba ikapewa Casa Pia, shirika linalolea mayatima, na kwa miaka mia moja hivi watoto walisoma na kucheza mahali ambapo watawa walitembea kimya. Monstransi ya Kilwa ilipelekwa kwenye kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu. Ingeweza kuyeyushwa, lakini Fernando II, mume wa malkia, aliiokoa.

Keki ambazo watalii wanazinunua leo pia zimetoka katika siku hizo. Duka linaloziuza karibu na monasteri lilifunguliwa mwaka wa 1837, na inasimuliwa kwamba maarifa ya kuzitengeneza yalitoka kwa watu wa nyumba ya watawa iliyofungwa.

Katika karne ya 19 jengo lilifanyiwa ukarabati mkubwa. Haukwenda vizuri kila mara: mwezi wa Desemba 1878, mnara uliokuwa ukijengwa katikati ya sehemu ya mabweni uliporomoka na kuua wafanyakazi. Mwaka wa 1880 mabaki ya Vasco da Gama, aliyekufa Cochin, India, mwaka wa 1524, yaliletwa humo kwa heshima kubwa. Kaburi lake liko karibu na mlango, likitazamana na la mshairi Luís de Camões. Aliyesali ufukoni pale akiwa hana jina amerudishwa pale akiwa fahari ya taifa.

Mwaka wa 1940 serikali ya Salazar ilifanya mbele ya monasteri maonyesho makubwa ya kuusifu ufalme wa Ureno wa ng'ambo. Katika bustani iliyo jirani, watu walioletwa kutoka makoloni ya Afrika na Asia waliwekwa katika vijiji vya kuigiza ili wageni wawatazame. Uwanja uliotengenezwa kwa ajili ya maonyesho hayo bado unaitwa Uwanja wa Himaya, na Wareno wenyewe bado wanabishana juu ya alama za makoloni zilizowekwa katika bustani yake.

Mahali patatu, orodha moja

Leo Jerónimos ina maisha mengi kwa wakati mmoja. Kanisa bado ni kanisa. Misa inasomwa humo. Sehemu ya mabweni ya watawa imekuwa makumbusho. Ureno ilitia saini hapo mkataba wa kuingia katika Jumuiya ya Ulaya tarehe 12 Juni 1985, na tarehe 13 Desemba 2007 viongozi wa Umoja wa Ulaya walitia saini hapo Mkataba wa Lisbon. Inchi hiyo inapotaka kuonyesha uso wake mzuri, inauonyesha mbele ya mawe haya.

Mwaka wa 1983 shirika la UNESCO liliiandika monasteri hiyo katika orodha ya urithi wa dunia. Magofu ya Kilwa Kisiwani yalikuwa yameandikwa miaka miwili mapema, mwaka wa 1981. Mbanza Kongo, mji wa mfalme Afonso, ambao leo uko Angola, uliandikwa mwaka wa 2017. Mahali hapo patatu panasimulia historia moja. Lakini Kilwa msikiti mkubwa umebaki na sehemu tu ya kuba zake, Mbanza Kongo kanisa la zamani limebaki kuta bila paa, na Belém dari la Castilho liko kamili.

Monstransi yenyewe haiko tena katika monasteri. Imewekwa katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, kilomita chache kutoka hapo, ndani ya kioo, chini ya taa. Mwafrika anayepita Lisbon na kutaka kujua nani alilipa jengo zuri la Belém anaweza kwenda huko, ainame kidogo, na kutafuta kwenye msingi wa dhahabu jina la Kilwa.